Choo Chetu Kinaumwa Nini?

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa ya afya nchini Tanzania. Iliitwa Mtu ni Afya. Wanakijiji walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha walichukua majembe wakachimba vyoo. Vyoo vingi sana vilichimbwa wakati ule.

Lakini kuchimba choo ni jambo moja, na kukitunza ni jambo jingine. Hata leo unaweza kukuta nyumba yenye choo, na watu wake wanakwenda vichakani. Ukiwauliza sababu, mmoja atasema, "Kinanuka." Mwingine atasema, "Tunaogopa. Magogo yameoza." Watu hao si wavivu. Choo chao ni kibovu, na hakuna aliyekikagua akajua ubovu uko wapi.

Mganga mzuri hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Na sisi tukipime choo kwanza, kisha tukitengeneze.

ANZA NA SAKAFU

Harufu inaudhi, lakini sakafu mbovu inaua. Kwa hiyo tunaanza na sakafu.

Vyoo vingi vya vijijini vina sakafu ya magogo yaliyofunikwa udongo. Magogo yana maadui wawili, mchwa na unyevu. Tena udongo huficha ubovu. Juu unaona sakafu imesiribwa vizuri, kumbe chini gogo limebaki ganda tupu.

Usipime sakafu kwa kuikanyaga kwa nguvu. Wapo wanaoruka-ruka juu yake ili wajue kama ni imara. Sakafu ikiwa mbovu, wataijua wakiwa shimoni. Simama nje, mlangoni. Tazama vizuri. Je, sakafu imebonyea katikati? Je, kuna nyufa zinazozunguka tundu? Je, kuna njia za mchwa ukutani au pembeni mwa sakafu? Sasa chukua mti mrefu. Gonga sakafu polepole, ukianzia mlangoni kuelekea kwenye tundu. Mahali penye udongo unaomomonyoka na kuanguka shimoni, pana kasoro.

Kisha chukua kisu kirefu. Kwangua udongo pale ambapo gogo limelala ukingoni mwa shimo. Mchwa hupenda kuanzia hapo. Choma gogo kwa kisu. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, gogo hilo limekwisha. Pima magogo yote, moja baada ya jingine. Usibadilishe moja ukayaamini mengine bila kuyapima.

Kabla ya kuanza kazi, funga njia ya kuingilia chooni kwa kamba au miiba, ili watoto wasiingie. Laza boriti mbili ndefu na imara juu ya sakafu, upande huu mpaka upande huu wa shimo. Fundi asimame juu ya boriti hizo, asikanyage sakafu. Afungwe kamba kiunoni. Watu wawili walio nje waishike kamba hiyo. Wengine watacheka wakiona mtu amefungwa kamba kama mbuzi. Waache wacheke.

Magogo mapya yachunwe maganda. Yawe marefu, yapite ukingo wa shimo kwa sentimeta 50 kila upande. Kila sehemu ya nchi ina miti ambayo mchwa hawaipendi. Wazee wanaijua, waulize.

Kama una uwezo wa kununua saruji kidogo, iko njia nyingine. Acha sakafu yako ya magogo, ikiwa ni imara. Juu yake, kwenye tundu, weka sakafu ndogo ya saruji yenye upana wa sentimeta 60 kwa 60. Hii haiwezi kubeba sakafu mbovu, kwa hiyo usiitumie kuficha magogo yaliyooza. Faida yake ni kwamba unaweza kuiosha kwa maji. Mkojo haupenyi udongo tena pale watu wanaposimama, na minyoo ya safura haipati makao.

Wenye uwezo zaidi hutengeneza sakafu nzima ya saruji. Kwa shimo lenye upana wa meta 1, unene wa sentimeta 8 unatosha. Changanya karai 1 la saruji, makarai 2 ya mchanga na makarai 4 ya kokoto. Ndani weka nondo za milimita 8, ukiziachia nafasi ya sentimeta 15, kwenda na kukatiza. Imwagilie maji kila siku kwa siku 7, nayo iwe imefunikwa kivulini. Watu wengi huharibu hapa. Wanaona saruji imekauka juu siku ya pili, wanadhani imekomaa. Saruji inayokauka haraka haipati nguvu.

Pima pia ukubwa wa tundu. Upana usizidi sentimeta 18. Mtoto mdogo hawezi kupita hapo. Mtoto anayekataa kwenda chooni mara nyingi anaogopa tundu, naye ana haki ya kuogopa.

USIINGIE SHIMONI

Tunasema jambo hili peke yake, kwa sababu limeua watu wengi. Shimo la choo lililotumika lina hewa mbaya. Hewa nyingine ndani yake ni sumu, na nyingine hushika moto. Mtu akishuka kutafuta kitu kilichoanguka, anaweza kuzimia mara moja. Ndugu yake akishuka kumwokoa, naye anazimia. Hivyo watu wawili au watatu hufa katika shimo moja. Basi asishuke mtu, hata kama ni simu au fedha iliyoanguka. Usitupe kijinga cha moto shimoni, wala usiteremshe taa ya moto ili uone ndani.

Kama mtu ametumbukia, ita watu kwa sauti. Mteremshie kamba au ngazi akiwa bado ana fahamu. Usimfuate.

HARUFU NA NZI

Hapa lazima kwanza ujue una choo cha aina gani. Ziko aina mbili, na dawa ya aina moja ni ubovu kwa aina nyingine.

Aina ya kwanza ni choo cha shimo cha kawaida, kisicho na bomba la hewa. Choo hiki kinahitaji mfuniko wenye mpini mrefu, unaobana tundu sawasawa. Weka majivu makavu ndani ya debe karibu na mlango. Kila mtu akimaliza haja, amwage konzi moja ya majivu shimoni na kurudisha mfuniko. Kama choo kinanuka ingawa kina mfuniko, inama uangalie kama mfuniko una nafasi pembeni. Nzi akiweza kupita, na harufu inapita.

Usimwage dawa kali za kuulia vijidudu shimoni. Vijidudu wengine wanafanya kazi humo ya kuozesha kinyesi na kukipunguza. Ukiwaua, shimo linajaa upesi na harufu inazidi.

Aina ya pili ni choo chenye bomba la hewa. Choo hiki kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Bomba linatoka shimoni, linapanda nje ya ukuta na kupita juu ya paa. Upepo ukipita juu ya bomba, unavuta hewa mbaya kutoka shimoni. Hewa safi inaingia kwa mlango na kushuka kwenye tundu. Kwa hiyo tundu la choo hiki halifunikwi kwa mfuniko unaobana. Ukilifunika, umeziba pua ya choo. Wako watu wengi waliojengewa vyoo hivi, wakafunika tundu kwa usafi, kisha wakalaumu bomba.

Juu ya bomba pana wavu. Nzi akiwa shimoni hufuata mwanga. Kama ndani ya choo kuna giza, mwanga anaouona ni ule wa juu ya bomba. Anapanda, anakuta wavu, anafia hapo. Mwaka 1975 wataalamu wa Zimbabwe walihesabu nzi kwa siku 78. Choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Choo chenye bomba kilitoa nzi 146. Tazama tofauti hiyo!

Kama choo chako cha bomba kinanuka au kina nzi, fanya hivi. Washa majani makavu kidogo nje ya choo, uyazime ili yatoe moshi tu. Hakikisha hakuna cheche. Leta moshi huo mlangoni, usiufikishe tundu lenyewe. Moshi ukivutwa kuelekea kwenye tundu na kushuka, bomba linafanya kazi. Moshi ukirudi usoni pako, bomba limeziba au upepo haulifikii.

Mara nyingi anayeziba bomba ni buibui. Utando wake hunasa vumbi na majani. Mwaga ndoo ya maji kutoka juu ya bomba, au ingiza mti mrefu wenye kitambaa. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka. Kagua wavu pia. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi kwa sababu ya hewa ya shimoni. Ukitoboka, nzi wote wanatoka. Nunua wavu usioshika kutu. Tazama tena urefu: bomba lipite paa kwa nusu meta au zaidi, na matawi ya miti yasilifunike. Mwisho, ingia ndani ufunge mlango. Kama unaweza kusoma kitabu hiki humo bila taabu, choo kina mwanga mno. Ziba matundu ya paa na kuta, ila acha nafasi ya hewa kuingia.

MBU

Shimo kavu halizai mbu. Shimo lenye maji linazaa mbu wengi, hasa wale wanaoeneza matende na mabusha. Ukisikia mbu wakivuma shimoni wakati wa mchana, jua kuna maji. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1988 mashimo yenye maji yalimwagiwa chembe nyeupe nyepesi za plastiki, zile zinazotumika kulinda vitu visivunjike katika maboksi. Chembe hizo zilielea zikafunika maji yote. Viluwiluwi wa mbu walikosa hewa. Watu walipewa pia dawa ya kumeza, na ugonjwa ukapungua sana. Ukipata tatizo hili, mweleze Bwana Afya. Oili chafu huua viluwiluwi pia, lakini inaweza kufika kisimani. Usiitumie.

CHOO KINAJAA UPESI

Twende kwenye hesabu. Mtu mmoja hujaza kiasi cha meta za ujazo 0.06 kwa mwaka katika shimo kavu. Nyumba yenye watu 6 hujaza 0.06 × 6, yaani 0.36. Tuseme shimo lina upana wa meta 1 kwa 1, na kina cha meta 3. Nusu meta ya juu haitumiki, kwa sababu choo hufungwa kikibakiza sentimeta 50. Kwa hiyo kina cha kutumia ni meta 2.5, na ujazo ni meta za ujazo 2.5. Gawanya 2.5 kwa 0.36. Utapata karibu miaka 7.

Kama shimo hilo limejaa kwa miaka 2, kuna sababu. Huenda watu wanatupa takataka, magunzi na chupa. Huenda maji ya mvua yanaingia. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe, upime kina kilichobaki. Pima siku kavu, pima tena asubuhi baada ya mvua kubwa. Kina kikipungua ghafla, ni maji. Inua ukingo wa choo kwa tofali na udongo uliopondwa, na chimba mfereji wa kuyapitisha maji pembeni. Kama maji yanatoka chini ya ardhi yenyewe, mfereji hautasaidia. Shimo jipya lichimbwe mahali pa juu, lisiwe refu sana, nalo liwe mbali na kisima kwa meta 30 au zaidi.

Udongo wa kichanga hubomoka. Nyufa za ardhi nje ya kuta, au sakafu iliyoinama upande mmoja, ni dalili kwamba ukingo unaliwa. Choo cha namna hiyo hakitengenezwi. Kifunge, ukifukie, na shimo jipya ulijengee kwa matofali ya kuchoma kutoka chini mpaka juu. Hata kwenye udongo mgumu, jengea nusu meta ya juu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini tundu la choo chenye bomba halifunikwi, na la choo cha kawaida linafunikwa?

2. Nyumba ina watu 8. Shimo lina upana wa meta 1 kwa 1 na kina cha meta 4. Litatumika kwa miaka mingapi?

3. Simu ya jirani imeanguka shimoni, naye anataka kushuka. Utamwambia nini?

4. Nendeni wawili wawili mkakague vyoo vya nyumba zenu kwa mti na kisu. Andika mliyoyaona, mlete darasani juma lijalo.