Kujificha Mtandaoni: Ni Haki au ni Hila?

Somo letu la mara hii ni juu ya jambo ambalo vijana wamelijua kabla ya wazee. Ukurasa fulani wa intaneti ukifungwa, utawasikia wakiambiana, "Washa VPN." Mzazi akisikia hivyo huingiwa na mashaka: mtoto huyu anaficha nini? Kijana naye hujibu kwamba hafichi kitu, ila hapendi kuchunguliwa. Wote wawili wana sababu zao. Lakini kabla ya kuwaamua yafaa tujue vyombo hivi hufanya kazi gani hasa, maana wengi huvisifu au huvilaumu bila kuvielewa.

Tuanze na hali ya kawaida, yaani pasipo kujificha. Mtu anapofungua ukurasa kwa simu yake, ombi lake hupita kwa kampuni ya simu, nayo hulipeleka mpaka kwenye kompyuta inayotunza ukurasa ule. Ombi hilo hubeba namba iitwayo anwani ya IP, kusudi jibu lijue pa kurudi. Ni kama barua iliyoandikwa anwani ya mpelekaji nyuma ya bahasha. Basi kampuni ya simu yajua umekwenda kwa nani, na mwenye ukurasa ajua ombi limetoka namba gani. Tena kurasa nyingi huacha ndani ya simu yako alama ndogo ziitwazo vidakuzi, ili ukirudi kesho utambuliwe. Na hata ukizifuta, chombo chenyewe kina sura yake: ukubwa wa kioo, lugha, aina za herufi, toleo la programu. Mwaka 2010 shirika la Marekani liitwalo Electronic Frontier Foundation lilichunguza vivinjari karibu 470,000, likaona kwamba zaidi ya 8 katika kila 10 vilikuwa na sura ya peke yake, isiyofanana na kingine chochote katika hesabu ile.

"Na iwe hivyo," atasema mtu, "mimi sina la kuficha." Huyo tumpe habari ya mwaka 2006. Kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maswali yapatayo milioni 20 ambayo wateja wake 650,000 waliyaandika katika kutafuta mambo mtandaoni kwa muda wa miezi mitatu. Nia ilikuwa kuwasaidia wataalamu wa utafiti. Majina yaliondolewa, kila mteja akapewa namba. Lakini baada ya siku chache waandishi wa gazeti la New York Times waliyafuata maswali ya namba moja tu, wakafika mpaka kwa mwenyewe, mjane mmoja mzee. Alikuwa ameuliza juu ya vidole kufa ganzi, juu ya mbwa anayekojoa ovyo, na juu ya wanaume wapweke wa umri wa miaka 60. Alikuwa pia na maswali mengi ya magonjwa, hata mtu angedhani mama huyu yu karibu kufa. Kumbe alikuwa akiwaulizia rafiki zake. Hakuwa na kosa lolote, wala orodha ile haikusema uongo hata mstari mmoja. Hata hivyo ilimchora mtu asiyekuwepo. Hili ndilo watu husahau wanaposema hawana la kuficha.

(Na sisi wenyewe tujipime. Mara ngapi tumeona picha ya mgonjwa kitandani imetumwa katika kundi la simu la mtaa, "tumwombee", wala mgonjwa hakuulizwa?)

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Cha kwanza ni ile hali fiche iliyomo katika vivinjari. Watu wengi huifikiri kuwa kinga kubwa, kumbe kazi yake ni ndogo: simu yako haitaweka kumbukumbu ya ulikopita. Yafaa kwa simu inayotumiwa na jamaa wote nyumbani. Lakini kampuni ya simu inaona kama kawaida, na kurasa zinaona kama kawaida. Google ilishitakiwa Marekani mwaka 2020 na watu waliodai kwamba iliendelea kukusanya habari zao wakiwa katika hali hiyo, na mwaka 2024 ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu ili kumaliza kesi.

Cha pili ni VPN. Huyu ni kama mjumbe. Humwambii posta unamwandikia nani. Unampa mjumbe barua iliyofungwa, naye anaipeleka kwa jina lake mwenyewe. Kampuni ya simu itaona tu kwamba unashughulika na mjumbe, na mwenye ukurasa ataona namba ya mjumbe. Ni vizuri, lakini mjumbe ajua yote: wewe ni nani, na umekwenda wapi. Hukuiondoa siri yako mikononi mwa watu, bali umeihamisha kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na pengine huyo mwingine yuko nchi ya mbali wala humjui. Zile VPN za bure ziangalieni kwa makini zaidi. Mitambo hununuliwa na umeme hulipiwa. Kama hulipi wewe, nani analipa, naye anapata nini?

Cha tatu ndicho kilichofikiriwa kwa undani kuliko vyote, nacho huitwa Tor. Asili yake yashangaza. Kilianza katika miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, kwa kazi ya Paul Syverson na wenzake wawili, David Goldschlag na Michael Reed. Walikiita njia ya kitunguu, kwa sababu ya maganda yake. Fikiri hivi. Umeandika barua, ukaitia ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine, kila moja na kufuli lake. Mtu wa kwanza ana ufunguo wa bahasha ya nje tu. Akiifungua anakuta jina la mtu wa pili, basi anampelekea. Wa pili anafungua yake, anakuta jina la wa tatu. Wa tatu anafungua ya mwisho na kuifikisha barua. Wa kwanza ajua wewe ni nani lakini hajui barua yaenda wapi. Wa tatu ajua yaendako lakini hajui imetoka kwa nani. Wa katikati hajui hili wala lile. Hivyo ndivyo Tor inavyofanya, ila "watu" hawa ni kompyuta, maelfu kadhaa, zinazotolewa na watu wa kujitolea katika nchi nyingi.

Kwa nini jeshi likitoe chombo cha namna hii kwa watu wote? Jibu ni la akili sana. Kama wanajeshi peke yao wangekitumia, basi kila aonekanaye akikitumia angejulikana kuwa mwanajeshi. Mtu hujificha katika umati, si katika uwanja mtupu. Kwa hiyo programu ilitolewa bure kwa kila mtu, na mwaka 2006 Roger Dingledine, Nick Mathewson na wenzao wakaanzisha shirika lisilo la faida la kuitunza. Serikali ya Marekani iliendelea kwa miaka mingi kuchangia fedha; na hati alizozitoa Edward Snowden mwaka 2013 zikaonyesha kwamba idara ya upelelezi ya serikali hiyo hiyo ilikuwa ikihangaika kuivunja. Mkono mmoja wajenga, mwingine wabomoa!

Kinga hii ina mipaka yake. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani alituma vitisho vya uongo vya mabomu ili mtihani uahirishwe. Alitumia Tor. Lakini aliitumia kwa mtandao wa chuo, na katika saa ile waliokuwa wakitumia Tor pale chuoni walikuwa wachache mno. Alipoulizwa akakiri. Umati haukuwepo. Mwaka 2007 naye Dan Egerstad, fundi wa Sweden, aliweka kompyuta zake kuwa zile za mwisho katika njia ya Tor, akapata maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali, yapata 100. Wenyewe walidhani Tor inafunika kila kitu. La, Tor huficha nani anayesema. Kuyafunika yanayosemwa ni kazi nyingine.

Tuje kwenye mabishano, maana hapa ndipo penye uzito. Polisi husema vyombo hivi vimewapa waovu pango. Nao wana ushahidi. Tangu mwaka 2011 soko liitwalo Silk Road liliuza madawa ya kulevya ndani ya Tor. Yako na mabaya kupita hayo: makundi ya watu wanaobadilishana picha za watoto wanaodhulumiwa. Asiyetikisika kwa habari hiyo hafai kuzungumza juu ya faragha. Mtoto yule naye alikuwa na haki ya kutotazamwa, na haki yake ilivunjwa kwanza.

Lakini tazameni walivyokamatwa. Mwenye Silk Road, Ross Ulbricht, alishikwa mwaka 2013 akiwa maktabani San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi. Miongoni mwa yaliyomfichua ni barua pepe yake halisi aliyoiandika hadharani zamani alipokuwa akitafuta fundi wa kumsaidia. (Alifungwa maisha mwaka 2015, kisha Januari 2025 akasamehewa na Rais Trump.) Na mwaka 2015 FBI ilikamata mtambo wa kundi moja la picha za watoto, ikauendesha yenyewe kwa wiki mbili hivi ili kuwatambua wanaoingia. Mahakama zilibishana sana juu ya hati iliyotumika, nami naona mabishano yale yalistahili, maana serikali iliendesha uchafu ule kwa siku zote hizo. Hata hivyo wahalifu walipatikana bila kumnyima kila mtu bahasha.

Kwa upande wa pili wako mwandishi wa habari na mtu aliyempa habari, mke anayetafuta msaada asijue mume anayempiga, mgonjwa anayeuliza juu ya ugonjwa wenye aibu. Mwaka 2019 BBC iliziweka habari zake ndani ya Tor ili wasomaji wa nchi zinazoifungia, kama China na Iran, wazipate. Mwaka 2015 David Kaye, mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya uhuru wa maoni, alieleza kwamba kutojulikana na kufunga maandishi kwa siri vinastahili ulinzi mkubwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Julai 2018 Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na watu wengi wakakimbilia VPN. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaachwa. Tanzania mitandao ilizuiwa wakati wa uchaguzi wa mwaka 2020, na intaneti ikazimwa wakati wa ule wa Oktoba 2025. Kisha wenye VPN wajue hili: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba watumiaji, watu binafsi na makampuni, waandikishe VPN zao. Sijui mtu aliyeandikishwa ili asijulikane tumwite nani, lakini tangazo ni tangazo, na anayetumia asiseme hakuambiwa. Wakati huo huo Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, yalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, na ipo sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Kenya inayo ibara ya 31 na sheria yake ya mwaka 2019.

Kwa vikundi vya kujifunza, zungumzeni haya. Binti wa miaka 15 ameweka VPN katika simu yake. Mzazi aanze kwa kumwuliza nini, na simu ile aichukue au amwachie? Mhasibu wa ofisi ameona fedha za umma zikiibwa, naye ataka kumwandikia mwandishi wa gazeti. Ni vyombo gani katika hivi vitatu vitamsaidia, na ni makosa gani madogo yanayoweza kumfichua hata hivyo? Na polisi wakija kwa mwenye VPN na hati ya hakimu juu ya mtu mmoja, je, ni sawa na kuja bila hati wakitaka orodha ya wateja wote?