Kuingia katika Mfumo wa Hospitali kwa Akaunti ya Google: Nani Hasa Ameingia?

Utangulizi
Hospitali inapowawezesha wagonjwa kusoma majibu ya vipimo mtandaoni, neno la siri huwa kikwazo cha kwanza. Mgonjwa ahudhuriaye kliniki mara moja kwa miezi mitatu hulisahau, au huliandika nyuma ya kadi yake. Ndiyo maana baadhi ya mifumo humruhusu aingie kwa akaunti aliyo nayo tayari, kama ile ya Google.

Namna inavyofanya kazi
Utaratibu utumikao huitwa OpenID Connect, uliotolewa mwaka 2014 juu ya msingi wa OAuth 2.0 wa mwaka 2012. Mgonjwa hupelekwa kwenye ukurasa wa Google, huandika neno lake la siri huko, kisha hurudishwa kwenye mfumo wa hospitali na hati ya kielektroniki iliyotiwa saini. Hospitali hailioni neno hilo, na Google haipewi majibu ya vipimo, ingawa hujua kwamba akaunti hiyo imetumika kuingia katika mfumo huo.

Hatari iliyopo
Hati hiyo huthibitisha kwamba aliyeingia anaimiliki akaunti. Haielezi faili lake ni lipi. Wagonjwa wawili huweza kuitwa jina moja, mjukuu huweza kuwa ndiye aliyemfungulia bibi yake akaunti, na mume na mke huweza kutumia simu moja. Faili likiunganishwa kwa jina au barua pepe pekee, majibu ya kipimo cha VVU yaweza kusomwa na asiyehusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Wajibu wa watoa huduma
Akaunti iunganishwe na faili mara ya kwanza mapokezi, mgonjwa mwenyewe akiwapo na kitambulisho chake. Aulizwe faraghani ni nani mwingine atumiaye simu yake. Mfumo uhifadhi namba ya kudumu ya akaunti, kwani barua pepe hubadilika. Asiye na akaunti abakiziwe njia nyingine.

Wajibu wa mgonjwa
Afunge simu kwa namba ya siri, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na atoke katika mfumo amalizapo kusoma. Simu ikiibwa, aiarifu hospitali mapema ili akaunti itenganishwe na faili lake.