Mpwa wangu analala nje

SWALI: Mpwa wangu, mlevi na mtumiaji wa heroini, alitoka nyumbani kwetu Rooty Hill, Sydney. Sasa analala karibu na kituo cha treni. Mume wangu anasema aache kwanza, ndipo tumtafutie chumba. Ni sawa?

JIBU: Dada yangu, shemeji ana haki ya kulinda nyumba yake, ila utaratibu wake umekaa kinyume. Tangu 2008 Ufini imekuwa ikitanguliza nyumba, tiba ikifuata. Na kuna hatari: anayekunywa sana kila siku akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Aonwe na daktari kabla ya kuiacha.

Malazi ya muda anaomba kupitia Link2home, laini ya simu ya wasio na makazi, 1800 152 152. Ushauri wa pombe na dawa za kulevya ni 1800 250 015. Kiingereza kikimpiga chenga, mpigie TIS, huduma ya ukalimani, 131 450, uombe mkalimani wa Kiswahili.

Kwa heroini kuna dawa za tiba, methadoni na buprenofini. Mimi ningemshauri aulizie buprenofini ya sindano, ya mara moja kwa wiki au kwa mwezi, maana anayelala nje hana kabati la kuwekea dawa.

Wewe mwenyewe chukua naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini. Famasia nyingi huitoa bure, bila cheti cha daktari. Ukimkuta haamki na pumzi imefifia, piga 000, mpulizie, na usiondoke: naloksoni huisha nguvu mapema, heroini ikiwa bado mwilini.