Jiwe na Kiraka

Mwezi huu twatazama kazi mbili zimfundishazo mtu kutulia.

Ya kwanza ni kusimamisha jiwe juu ya jiwe pasipo udongo. Jiwe halisimami kwa nguvu, bali kwa kugeuzwa polepole hata lishikwe mahali patatu, na uzito wake uwe katikati ya hapo. Mwenye haraka huliangusha.

Ya pili ni kushona mfarishi, yaani nguo ya kujifunika iliyoungwa kwa viraka. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, wanawake weusi walishona mifarishi kwa nguo zilizochakaa, ili jamaa zao wasipatwe na baridi. Mwaka 1942 mjane Missouri Pettway alitwaa nguo za kazi za marehemu mumewe, akazikata, akaziunga, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo. Palipopauka hapakufichwa. Mwaka 2002 mifarishi ya mahali hapo ilionyeshwa Houston, watu wakaistaajabia.

Basi na tujifunze: kwanza tukitazame vema kilichomo mkononi, kisha tukitafutie mahali pake. Hata huzuni hupata mahali, mkono ukitulia.