SOMO: KUJITOLEA NJE YA NCHI, TUCHAGUE VIPI?

Wapenzi wanafunzi, baadhi yenu mtatamani kwenda kujitolea nchi za nje. Nia ni njema, lakini nia peke yake haitoshi. Tunawausia mtazame mambo matatu.

Kwanza, kazi. Je, wenyeji wameiomba, nawe unaiweza? Wamarekani wa kwanza wa Peace Corps waliofika Tanganyika mwaka 1961 walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Hapa Singida mafundi tunao. Mgeni asiyejua kushika mwiko akijenga darasa, atamnyima fundi kazi na ukuta utabomolewa. Nasi tusiwafanyie wenzetu hivyo.

Pili, fedha. Mpango wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa (UNV), ulioanzishwa mwaka 1970, hautozi ada. Anayedai malipo aeleze yanakwenda wapi, akikataa, mwepukeni.

Tatu, yatima. Watoto wengi wa makao ya yatima duniani wana mzazi aliye hai, na fedha za wageni huwashawishi baadhi ya wenye makao kukusanya watoto zaidi. Mwaka 2017 Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya. Mtoto akimzoea mgeni wa wiki mbili kisha akaachwa, huumia upya. Programu ya namna hiyo tuikatae.

Zoezi: Andika maswali matano utakayouliza kabla ya kusaini fomu.