Orodha Iliyowekwa kwa Askari: Somo Kuhusu Kutunza Mali ya Pamoja

Swali hili huulizwa mara kwa mara katika mikutano ya polisi na wananchi, ingawa kwa maneno mbalimbali: je, watu huru waweza kuitunza mali yao ya pamoja, yaani ziwa, msitu, chemchemi au malisho, hata wajukuu wao waikute, pasipo serikali kuwashurutisha? Wako wasemao kwamba askari asipokuwapo, hatasalia samaki hata mmoja. Wako pia wasemao kwamba askari akiondoka, wananchi watapatana wenyewe. Katika somo hili tutaonyesha kwamba kila upande umeona nusu ya jambo.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alichapisha makala iliyosomwa sana kuhusu malisho yaliyo wazi kwa wote. Kila mfugaji, alieleza, huongeza ng'ombe mmoja kwa sababu faida ni yake peke yake, na hasara hugawanywa kwa wote. Wote wakifanya hivyo, majani huisha. Wengi waliomsoma walihitimisha kwamba dawa ni mbili tu: ama serikali iishike mali hiyo, ama igawanywe kwa watu binafsi.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa wa Marekani, hakuridhika na hitimisho hilo. Katika miaka ya 1970 alikuwa amechunguza kazi ya polisi katika eneo la Indianapolis, akaona kwamba vikosi vidogo vilivyo karibu na wakazi viliweza kuwahudumia vizuri sawa na kikosi kikubwa cha mji, hata kukishinda. Baadaye aligeukia mali ya pamoja, na kitabu chake cha mwaka 1990 kilikusanya mifano ya jamii zilizofaulu na zilizoshindwa. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mfano mmoja katika kitabu hicho watuhusu sana. Katika mji wa Alanya, pwani ya kusini ya Uturuki, walikuwapo wavuvi wapatao 100 waliotumia mashua ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waligombania sehemu nzuri za bahari, na ugomvi ule mara nyingine ulifikia kupigana. Wanachama wa chama chao cha ushirika wakaanza kutafuta njia, wakajaribu na kurekebisha kwa muda wa miaka 10 hivi.

Njia waliyoipata ilikuwa hivi. Kila Septemba iliandikwa orodha ya wavuvi wote wenye leseni, wawe wanachama au wasiwe. Sehemu za kuvulia zilitajwa kwa majina, zikiachana kiasi cha kutosha ili wavu wa mmoja usizuie samaki wa mwingine. Kisha walipiga kura kugawana sehemu hizo. Kuanzia Septemba hadi Januari kila mvuvi alisogea kila siku sehemu moja upande wa mashariki. Kuanzia Januari hadi Mei alisogea magharibi. Hivyo kila mmoja alipata zamu yake mahali pazuri.

Ni nani aliyelinda utaratibu huo? Ni wavuvi wenyewe. Aliyekuwa na zamu mahali pazuri hakukosa kufika alfajiri, na akimkuta mwingine pale, alijua mara moja kwamba ameibiwa haki yake. Migogoro michache iliyotokea ilimalizwa katika mkahawa wa kahawa. Na askari je? Orodha iliyokubaliwa na wavuvi wote iliwekwa kwa meya na kwa askari wa mahali pale mara moja kwa mwaka. Serikali haikuitunga kanuni, wala haikuzunguka baharini kuisimamia. Ilikubali tu kwamba kanuni ile ni halali, ikaitunza.

Tuangalie vizuri. Shuruti haikutoweka Alanya. Mvuvi aliyekiuka zamu alikabiliwa na wenzake wote. Lakini shuruti ile ilikuwa ndogo, ilikuwa karibu, na ilitoka kwa watu walioitunga kanuni kwa midomo yao wenyewe.

Hata hivyo, wavuvi 100 wanaofahamiana si ziwa zima. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo ni la nchi tatu. Mwalo mmoja ukiacha kuvua sangara wachanga, mwalo wa pili waweza kuwavua. Hapo sheria ya nchi haina budi kuwepo. Uganda ilianzisha kamati za mialo kwa kanuni za mwaka 2003; zikasimamishwa mwaka 2015, na kuanzia mwaka 2017 kikosi cha jeshi kikapewa kazi ya kulinda ziwa. Kikosi chaweza kuchoma nyavu haramu mchana; hakiwezi kulala katika kila mtumbwi usiku. Usiku ule, mlinzi ni mvuvi anayeiamini kanuni, au hakuna mlinzi.

Kwa hiyo twawasihi maafisa wenzetu: kabla ya kupeleka doria, ulizeni kama wananchi wanayo kanuni yao. Ikiwa ni ya haki na haivunji sheria, iandikeni, itunzeni kituoni, na muitetee anapotokea mwenye nguvu wa kuikanyaga. Nanyi wananchi, msingoje askari awaambie chemchemi yenu ifunguliwe saa ngapi.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, ni mali gani ya pamoja inayopungua, na ni nani anayejua kwanza inapoibiwa?
2. Ni kanuni gani mngeweza kukubaliana wenyewe, na ni ipi inayohitaji sheria ya nchi?
3. Mkiileta orodha yenu kituoni, mngetaka polisi waifanyie nini?