Petro Alikataa Kuoshwa

Nipo Kolkata, India, muhula mzima, najitolea Nirmal Hriday, nyumba ya wanaokaribia kufa iliyofunguliwa na Mama Teresa mwaka 1952. Kibengali sijui, hivyo nikapewa kufua mashuka kwa mkono (hilo naliweza, asante mama). Siku ya nne nikaishiwa nguvu, nikakaa chini. Mzee mmoja, mgonjwa asiyeweza hata kusimama, akanisogezea chai yake. Nikakataa. Akageukia ukutani.

Usiku nikasoma Yohana 13:6-9. Petro anakataa kuoshwa miguu. Yesu anamwambia bila hivyo hana sehemu naye. Mimi niliita unyenyekevu, kumbe kiburi: nilitaka kutoa tu. Asubuhi nikarudi kwa mzee, nikanyoosha mikono yote miwili.